Wiki ya Ngapi, Mahali Gani, Kiasi Gani

Kati ya maswali yote anayoulizwa mpiga picha wa eksirei, lipo moja ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine. Mwanamke alipigwa picha, wiki chache baadaye akagundua ana mimba, na sasa anataka kujua kama mtoto atazaliwa na kasoro. Nimeulizwa hivyo kwenye korido, nimeulizwa kwa simu usiku, nimeulizwa na watu ambao hawakuwahi kuwa wagonjwa wangu. Na mara nyingi muulizaji anakuja akiwa ameshajibiwa na mtu mwingine. Jibu alilopewa ni fupi: itoe.

Simwambii asiwe na wasiwasi, kwa sababu sijaona aliyetulizwa na maneno hayo. Namuuliza mambo matatu. Mimba ilikuwa na wiki ngapi siku ya picha? Ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa? Na mji wa mimba ulifikiwa na mionzi kiasi gani? Hilo la tatu hulijibu mwanafizikia wa hospitali, si mgonjwa, lakini lazima liulizwe. Bila majibu hayo, awe daktari bingwa au shangazi, hakuna awezaye kusema kitu cha maana kuhusu mtoto huyo.

Nianze na mahali, maana hapo ndipo hofu nyingi huishia. Alikuja mama mmoja aliyepigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Mimba ilikuwa changa mno siku ile, hata mwenyewe hakuwa na habari nayo. Mhudumu mmoja wa afya, mtu wa kuongea kwa uhakika, alimwambia kwamba mionzi ikishamgusa mtoto hakuna tena la kufanya, na akampangia siku ya kwenda kuitoa. Ilikuwa mimba aliyoitafuta kwa muda mrefu.

Katika picha ya kifua miale huelekezwa kifuani, na mashine huibana isivuke eneo hilo. Kinachofika chini tumboni ni mtawanyiko tu, yaani miale iliyogonga tishu za kifua ikapinda na kushuka huku ikififia. Tunapima kwa miligrei, ambayo ni sehemu ya elfu ya grei, kizio cha mionzi inayofyonzwa na mwili. Kwa picha ya kifua mtoto hupata chini ya miligrei 0.01. Mtoto yeyote aliye tumboni, hata ambaye mama yake hajawahi kukanyaga chumba cha eksirei, hupokea kati ya miligrei 0.5 na 1 kwa muda wote wa mimba: kutoka ardhini na kwenye mawe, kutoka angani, na kutoka kwenye potasiamu iliyomo mwilini mwa mama mwenyewe. Picha ile, basi, ilimwongezea yule mtoto kile ambacho angekipata kwa siku chache za kukaa tu tumboni.

Nilimweleza yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, niandikie."

Hakuwa na shaka na hesabu yangu. Nyumbani alikuwa anasubiriwa na mume na mama mkwe, na nyuma yao yupo yule mhudumu, na maneno ya kusimulia yasingefua dafu mbele ya watu watatu. Nikampeleka kwa mwanafizikia wetu. Alitafuta mipangilio ya mashine ya siku ile, akapiga hesabu, akaandika barua ya ukurasa mmoja yenye kiasi cha mionzi, umri wa mimba, na sentensi iliyosema wazi kwamba kiasi hicho si sababu ya kuitoa. Mimba ikaendelea. Nilichoondoka nacho pale ni kwamba jibu la swali hili halikamiliki mpaka liwe kwenye karatasi, kwa sababu mwenye kuuliza anarudi nyumbani kuulizwa yeye.

Barua ile haikuwa maoni ya mtu mmoja. ICRP, tume ya kimataifa inayotoa miongozo ya kujikinga na mionzi, ililiandikia jambo hili chapisho zima, namba 84, lililotoka mwaka 2000. Msimamo wake ni kwamba mtoto akiwa amepata chini ya miligrei 100, mionzi peke yake haihalalishi kutoa mimba. Nambari hiyo 100 haisemi kitu mpaka uiweke karibu na vipimo tunavyovifanya kila siku. Picha ya jino, ya mkono, au CT (eksirei inayopiga mwili vipandevipande) ya kichwa humfikishia mtoto kiasi ambacho ni kama hakipo. Eksirei ya tumbo ni kati ya 0.1 na 3. Ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno ni kati ya 1 na 10. CT ya tumbo hufika popote kati ya 1.3 na 35, na CT ya nyonga, ambayo ndiyo nzito kuliko zote katika orodha hii, kati ya 10 na 50. Kipimo kimoja cha kawaida hakifiki 100. Ili kufika huko unahitaji CT za nyonga za kurudiarudia, au upasuaji mrefu wa eneo hilo unaoongozwa na eksirei ya moja kwa moja, au tiba ya saratani kwa mionzi.

Hofu isiyo na nambari imewahi kupimwa madhara yake. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulilipuka Aprili 26, 1986. Ugiriki iko mbali na pale, na mionzi iliyowafikia wajawazito wa huko ilikadiriwa kuwa kama milisivati 1 au pungufu. (Kwa eksirei, milisivati na miligrei unaweza kuzichukulia kuwa karibu sawa, tofauti yake ni ya wataalamu.) Uvumi ulienea, madaktari wenyewe wakawa hawana la kusema, na wanawake wakaanza kutoa mimba walizozitaka. Mtafiti Dimitrios Trichopoulos na wenzake walihesabu watoto waliozaliwa miezi iliyofuata, wakaona pengo kubwa Januari 1987, na wakakadiria kwamba asilimia 23 hivi ya mimba changa za wakati ule zilitolewa. Hao hawakuguswa na mionzi ya kudhuru. Waliguswa na jibu la mtu ambaye hakuuliza wiki, mahali wala kiasi. Kila nikimsikia mwenzangu akisema "kwa usalama tu, bora aitoe", huwa namsimulia habari hii, na sioni aibu kuirudia.

Lakini nisieleweke kwamba ninaitetea mionzi. Ninaifanyia kazi, na ninaiogopa kwa kiasi chake.

Mwaka 1929 madaktari Leopold Goldstein na Douglas Murphy waliandika kuhusu watoto ambao mama zao walitibiwa nyonga kwa radiamu, metali yenye mionzi, au kwa eksirei wakiwa wajawazito. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi na akili zisizokua. Ilikuwa inajulikana, basi, miaka 16 kabla ya Hiroshima. Kisha Agosti 1945 yakaangushwa Japani mabomu mawili ya atomiki, tarehe 6 Hiroshima na tarehe 9 Nagasaki, na miongoni mwa walionusurika walikuwamo wanawake wenye mimba. Watoto wapatao 1,600 waliokuwa tumboni siku hizo walifuatiliwa kwa miongo, na 30 kati yao walikutwa na ulemavu mkubwa wa akili. Mwaka 1965 wazazi wa watoto waliozaliwa na vichwa vidogo waliunda chama chao, wakakiita Kinoko-kai, yaani chama cha uyoga, kwa umbo la lile wingu. Huwa nawafikiria wazazi hao ninapofungua jedwali la viwango, kwa sababu mistari mingi ya jedwali lile imetoka kwa watoto wao.

Walichotufundisha ni wiki. Watafiti Masanori Otake na William Schull walipoyapanga matokeo ya watoto hao kwa umri wa mimba, mwaka 1984, madhara ya ubongo hayakutapakaa miezi yote tisa. Yalijikusanya kati ya wiki ya 8 na ya 15, yakapungua sana kati ya wiki ya 16 na ya 25, na kabla au baada ya hapo hawakuyaona. Katika dirisha lile la kwanza, mtoto aliyepokea grei 1 nzima, yaani miligrei 1,000, alikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kupata ulemavu mkubwa wa akili. Alama za vipimo vya akili nazo zilishuka kwa takriban 25 hadi 30 kwa kila grei. Dozi hizo ni za bomu au za tiba ya saratani. Hazitoki kwenye mashine ya kupigia picha kifua.

Sababu ya wiki hizo iko kwenye namna ubongo unavyojengwa. Seli za ubongo hazizaliwi mahali zitakapoishi. Huzaliwa ndani, karibu na mashimo yenye majimaji, kisha hupanda kuelekea juu zikifuata nyuzi za seli nyingine kama mafundi wanaokwea ngazi moja baada ya mwingine, na kila kundi likifika linapita lililotangulia na kukaa juu yake. Kazi hiyo hupamba moto kati ya wiki ya 8 na ya 15. Mionzi huua kwa urahisi zaidi seli inayogawanyika, na hapo zinagawanyika kwa mamilioni. Zinazobaki nyingine hukwama njiani. Baadhi ya wale watoto wa Hiroshima na Nagasaki walipigwa ukubwani picha za MRI, zinazotumia sumaku badala ya mionzi, na ikaonekana tabaka la seli lililopaswa kuwa juu limeachwa ndani.

Hatua nyingine zina hadithi zao. Wiki mbili za kwanza tangu kutungwa, seli bado ni chache na hazijagawana kazi. Dozi kubwa ama inaiharibu mimba kabisa, ama seli zilizobaki zinaziba pengo na mtoto anaendelea salama. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8 viungo vinaumbwa, na hapo dozi kubwa inaweza kuleta kasoro za maumbile na kudumaza ukuaji. Ninasema dozi kubwa kila mara, na sichoki.

Kuna mtego mmoja kwenye hesabu hizi ambao nimeona ukiwanasa hata madaktari. Wiki za tafiti huhesabiwa tangu mimba kutungwa. Wiki za kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti ni kama wiki mbili. Wiki ya 8 hadi ya 15 ya Otake na Schull ni wiki ya 10 hadi ya 17 kwenye kadi ya mama. Mwenye kusoma jedwali bila kujua hilo anaweza kumtisha aliye nje ya dirisha, au kumtuliza aliye ndani yake.

Saratani ni suala jingine kabisa, kwa kuwa hapo hatuhesabu kwamba upo mpaka ambao chini yake hatari ni sifuri. Tunalijua hilo kwa sababu ya Alice Stewart, daktari wa Oxford aliyefanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria: aliwauliza akina mama. Aliwatafuta wazazi wa watoto waliokufa kwa saratani ya damu na saratani nyingine, na wazazi wa watoto wazima, akawauliza wote maswali yaleyale kuhusu mimba zao. Wakati ule kumpiga mjamzito eksirei ya tumbo ili kuona mtoto amelalaje au kupima nyonga lilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1956 alitoa matokeo ya awali, na mwaka 1958 ripoti kamili: picha hizo zilikuwa zimepigwa mara nyingi zaidi kwa mama za watoto waliokufa. Alipingwa kwa miaka mingi. Hatimaye desturi ile ikafa, na ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi ya aina hii hata kidogo, ikachukua nafasi yake.

Kwa makadirio yanayotumika sasa, miligrei 10 tumboni huongeza mtoto mmoja hivi mwenye saratani ya utotoni kwa kila watoto 1,700. Bila picha yoyote, mtoto mmoja kati ya 500 hivi hupata saratani utotoni. Nyongeza ni ndogo, lakini ipo, ndiyo maana hatupigi picha ya nyonga ya mjamzito kwa kujaribujaribu.

Haya yote niliyaishi mwenyewe nilipopata mimba nikiwa kazini. Nilimwarifu msimamizi mapema, na nilipewa kipimo cha pili cha mionzi cha kuvaa tumboni chini ya aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi), mbali na kile cha kifuani. Mwongozo wa ICRP ni kwamba tangu mfanyakazi atangaze mimba hadi ajifungue, mtoto asizidishe milisivati 1, karibu na kile ambacho mazingira yanampa. Usomaji wa kipimo changu ulirudi kila mwezi ukiwa chini ya kiwango kinachoandikwa. Sikuhama idara. Niliacha mambo mawili: kushika watoto watundu wasiotulia mezani, na kusimama karibu na mashine ya chumba cha upasuaji inayotoa miale mfululizo. Mengine niliyatatua kwa miguu yangu, kwa kurudi nyuma, kwa sababu ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 mionzi inapungua hadi robo.

Kilichonichosha ni wenzangu. Mmoja alikuwa ananifungia mlango nisiingie, kwa upendo. Mwingine alinong'ona kwamba yeye aliificha mimba yake hadi mwezi wa tano ili asinyang'anywe zamu. Hilo lilinisumbua kuliko mashine, kwa kuwa wiki alizoificha ndizo hasa alizohitaji kile kipimo cha pili. Mahali ambapo kutangaza mimba kunamgharimu mtu kazi, kinga ya mtoto inabaki kwenye makaratasi.

Aproni nayo ina kisa chake. Kwa miongo tuliwafunika wagonjwa tumbo kwa aproni ya risasi, na wagonjwa wakaizoea. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilitoa tamko kwamba tuache kuwafunika wagonjwa hivyo kama desturi. Hoja zake hazina ubishi kwa anayejua mashine. Mionzi inayofika tumboni wakati wa picha ya kifua imetawanyika ndani ya mwili, na kitambaa kilicho nje hakiizuii. Aproni ikiteleza na kuingia kwenye eneo la picha, mashine zinazojipimia zenyewe huona giza na kuongeza miale, au picha inaharibika na kurudiwa. Yaani ngao inaweza kuongeza kile inachokikinga. Jaribu kumweleza hayo mjamzito anayeona unamnyima kinga aliyopewa dada yake! Wapo wenzangu wanaokataa katakata. Mimi, nikimwona anatetemeka, huiweka chini kabisa, mbali na eneo la picha, na kumwambia ukweli kwamba naiweka kwa ajili ya moyo wake.

Hofu hiihii inapowashika madaktari inakuwa na sura nyingine. Niliwahi kuitwa kwa ajili ya mjamzito aliyekosa pumzi ghafla, mguu mmoja umevimba, na dalili zote zikielekeza kwenye bonge la damu kwenye mapafu. Nilifika nikakuta ubishi mlangoni: CT ya kifua apigwe au asipigwe? Daktari mdogo alisema tusubiri, tumwangalie. Kwa CT ya namna hiyo mtoto hupata kati ya miligrei 0.01 na 0.66, wakati bonge la damu ni miongoni mwa yale yanayoua wajawazito kwa haraka. Nilizitaja nambari zile mbele yao. Daktari mkubwa wala hakuniangalia, alisema tu, "Mpeleke." Bonge lilikuwepo. Akaanzishiwa sindano za heparini, dawa isiyovuka kondo kwenda kwa mtoto, na nilimwona tena mwishoni mwa mimba akitembea mwenyewe.

Lipo upande wa pili jambo moja ambalo silitanii hata kidogo, nalo ni iodini yenye mionzi inayotumika kutibu tezi ya thairoidi. Hapo mionzi haipiti na kwenda zake. Inamezwa, inaingia kwenye damu, inavuka kondo. Kuanzia kama wiki ya 10 hadi ya 12 tezi ya mtoto inaanza kujikusanyia iodini, na haibagui ya kawaida na yenye mionzi. Inaweza kuungua na kufa kabla mtoto hajazaliwa. Ndiyo maana dawa hiyo haitolewi kwa mjamzito, na aliyeitumia huambiwa asubiri, kwa kawaida miezi sita, kabla ya kushika mimba. Nimeshuhudia mwanamke aliyeapa hana mimba, akasaini fomu, kapsuli ikiwa tayari ndani ya kasha lake zito, na kipimo cha damu kikarudi kusema anayo. Hakudanganya. Hakuwa anajua. Tiba ikafutwa siku ileile, akahamishiwa kwenye vidonge.

Nambari zina mahali zinapogota. Mama mmoja alijifungua mtoto mwenye mdomo uliopasuka, akaja na picha ya jino aliyopigwa mwanzoni mwa mimba, akaiweka mezani kwangu kama ushahidi. Ningeweza kumwonyesha kwamba tumbo lake halikupata kitu. Ningeweza kumwambia kwamba watoto 3 hivi kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya aina fulani hata pasipo picha, na wazazi wao huishi bila kupata sababu. Nilimwambia hayo, baadaye. Kwanza alihitaji kusimulia siku ya jino lile tangu mwanzo, na mara tatu alirudia kwamba alikubali mwenyewe kupigwa. Nilimwacha amalize. Alichotaka kujua si fizikia, ni kama yeye ndiye aliyemfanyia mtoto wake vile, na jibu la hilo ni hapana, nikamwambia hapana. Sijui kama aliniamini. Mtoto alifanyiwa upasuaji wa mdomo na ukafungwa vizuri.

Kazi yenyewe, siku hadi siku, iko kwenye kuuliza kabla. Tangazo la ukutani linalosema "mjulishe mhudumu kama una mimba" halitoshi, na swali "una mimba?" halitoshi pia. Huwa nauliza hedhi ya mwisho ilianza tarehe ngapi, kwa sababu tarehe humfanya mtu ahesabu, na wengine hushtuka palepale mbele yangu. Ikiwa imechelewa na picha ni ya tumbo au nyonga isiyo ya dharura, tunapima mkojo kwanza. Ikiwa ni ya mkono, kifua au jino, hakuna cha kusubiri. Msichana akiletwa na mama yake, namwomba mama akae nje kidogo, namwita binti ndani, mlango unafungwa, ndipo naliuliza. Nimeshajibiwa "hapana" mbele ya mama na "labda" baada ya mlango kufungwa. Akina mama wengine hunikasirikia, nami nawaelewa, lakini utaratibu siubadilishi.

Na tarehe ile naiandika kwenye fomu, pamoja na sehemu iliyopigwa, idadi ya picha, zikiwemo zilizoharibika na kurudiwa, na kiasi cha mionzi ambacho mashine imekitoa. Simu ikilia baada ya wiki tatu, mwanafizikia ataanza kwa kuomba hayo, na kama yako kwenye faili barua ya yule mama inaweza kuandikwa siku hiyohiyo.